Istilahi za wodini: Msamiati wa lazima kwa mwanafunzi wa uuguzi Kilifi na Malindi

MWANAFUNZI wa uuguzi, awe wa KMTC au wa Chuo Kikuu cha Pwani, anapoingia wodini kwa mara ya kwanza Kilifi au Malindi hukabiliwa na lugha kadhaa kwa wakati mmoja. Faili huandikwa kwa Kiingereza chenye mikato ya Kilatini, ilhali mgonjwa hueleza maradhi yake kwa Kiswahili cha Pwani, Kigiriama, Kichonyi au Kikauma. Kati ya hao wawili yupo muuguzi, naye ndiye anayetarajiwa kuivusha maana bila kuipotosha.

Zifuatazo ni istilahi ambazo mwanafunzi hana budi kuzijua kabla ya zamu yake ya kwanza.

Maneno ya mgonjwa

Degedege ni mitukutiko inayomshika mtoto, aghalabu akiwa na homa kali. Wazee wengi wa Pwani huiita nyuni, yaani ndege, kwa itikadi kwamba ndege au pepo ndiye aliyemdhuru mtoto. Mama akisema mwanawe ameshikwa na nyuni, mwanafunzi asiandike kwamba mama ana imani za jadi. Aandike kuwa mtoto alipata degedege, kisha aulize: Ilianza lini? Ilidumu dakika ngapi? Ilirudi mara ngapi? Je, mtoto alizinduka baadaye?

Majibu hayo yana uzito. Utafiti uliofanywa Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha Kemri na Wellcome Trust kilianzishwa 1989, na kuchapishwa 1995, ulionyesha kwamba mtoto mwenye malaria aliyepungukiwa na fahamu au anayepumua kwa shida ndiye aliye katika hatari kubwa ya kufa.

Kifafa, ambacho baadhi ya Wagiriama hukiita vitsala, hurudi mara kwa mara hata pasipo homa. Kisichanganywe na degedege, wala na kifafa cha mimba, ambacho humpata mja mzito au mzazi mwenye shinikizo la damu na huhitaji daktari papo hapo.

Chirwa ni neno la Kimijikenda linalotajwa mtoto anapokonda na kudhoofu, na huhusishwa na wazazi kuvunja miiko ya ndoa. Kwa muuguzi, neno hilo ni ishara ya kutafuta utapiamlo: ampime mtoto uzito, urefu na mzingo wa mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo ulio chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kwa kuwa neno lenyewe humtuhumu mzazi, lisirudiwe kwa sauti mbele ya wagonjwa wengine. Mama anayeaibishwa wodini huenda akamchukua mtoto na kuondoka kabla hajapona.

Homa yaweza kumaanisha joto la mwili, mafua au malaria yenyewe. Muulize mgonjwa anakusudia ipi. Safura ni upungufu wa damu, hasa ule unaoletwa na minyoo. Kichocho hujulikana kwa mkojo wenye damu. Matende ni uvimbe wa miguu, na busha ni uvimbe wa korodani. Kichomi ni maumivu makali ya ubavu na huenda kikawa dalili ya nimonia. Pepopunda hukaza taya na misuli, na kwa mtoto mchanga yaweza kuingilia kitovuni.

Vipimo vya uhai

Hivi ni joto, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu. Joto la kawaida huwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za selsiasi. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Shinikizo likifika 140 kwa 90 au kuzidi, mjulishe msimamizi wa zamu.

Upumuaji wa mtoto uhesabiwe kwa dakika nzima akiwa ametulia. Huwa wa kasi ukifika mara 60 kwa aliye chini ya miezi 2, mara 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na mara 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Usiandike tu kwamba "anapumua vibaya". Andika idadi, na ueleze iwapo kifua kinabonyea ndani.

Viambishi vya istilahi

Istilahi ndefu hueleweka zikigawanywa. Mwisho wa -itis huonyesha uvimbe wenye maumivu au joto, -emia huhusu damu, na -uria huhusu mkojo. Mwanzo wa hyper- ni kuzidi na hypo- ni kupungua. Tofauti hiyo ndogo ya herufi hutenganisha sukari iliyopanda na iliyoshuka, hali ambazo tiba zake hukinzana. Vivyo hivyo, tachy- ni kasi na brady- ni pole.

Mikato ya dawa

Mkato b.d. ni mara mbili kwa siku, t.d.s. ni mara tatu, q.d.s. ni mara nne, p.r.n. ni panapohitajika, na stat ni mara moja bila kungoja. P.o. ni kwa mdomo, i.m. ni sindano ya msuli na i.v. ni ya mshipa.

Nukta ndiyo hatari kuu. Kipimo cha nusu miligramu kiandikwe 0.5, kamwe si .5, kwani nukta ikifutika mgonjwa atapewa mara kumi. Tano iandikwe 5, si 5.0, isije ikasomwa 50. Neno mikrogramu liandikwe kwa ukamilifu, maadamu mkato wake hufanana na wa miligramu, ambayo ni kubwa mara 1,000.

Agizo likitolewa kwa mdomo, lirudie kwa sauti: jina la mgonjwa, dawa, kipimo na njia ya kuitoa. Usipolielewa neno, uliza kabla ya kushika sindano. Ukishamweleza mgonjwa au mlezi namna ya kutumia dawa nyumbani, mwombe naye akueleze kwa maneno yake mwenyewe. Hapo utajua kama amekuelewa au ameitikia kwa heshima tu.