Kontrapaso: hoja ya kuiita "malipo shabihi"

Katika shairi la Dante Alighieri kuhusu ahera, lenye mistari 14,233, neno kontrapaso limetajwa mara moja tu. Hata hivyo Jehanamu yake yote haieleweki bila ya neno hilo. Anayelitamka ni Bertran de Born, mshairi wa kusini mwa Ufaransa, katika wimbo wa 28 wa sehemu ya kwanza. Dante anamtuhumu kumchochea mwana wa Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza amwasi baba yake. Aliwatenga waliokuwa damu moja, basi na yeye huko motoni kichwa kimetengwa na kiwiliwili. Anatembea amekikamata nywele, na kichwa kinaongea.

Kwa asili ni neno la Kilatini lenye maana ya kutendwa kama ulivyotenda. Thomas Aquinas alilitumia katika karne ya 13 alipokuwa akifafanua mawazo ya Aristotle juu ya haki, na kwake lilihusu kipimo: ukipiga, upigwe kwa kiasi kilekile. Dante akalipeleka mbali zaidi. Kwake adhabu hailingani na kosa kwa uzito tu, bali huchukua sura ya kosa lenyewe. Wapiga ramli waliotaka kuyaona ya mbele wamepindwa shingo hadi nyuso zikaelekea nyuma. Wanakwenda kinyumenyume, na machozi yanawachuruzika migongoni. Paolo na Francesca, waliokubali kuchukuliwa na matamanio, wanapeperushwa na dhoruba isiyotulia. Huwezi kutenganisha ishara na maadili hapo, maana dhambi imevuliwa nguo na kuonyeshwa ilivyo.

Mfasiri akiulizwa neno la Kiswahili, la kwanza kumjia ni kisasi. Lina sifa zake. Katika sheria ya Kiislamu, kisasi ni haki iliyopimwa, jicho kwa jicho, na hapo linamkaribia Aquinas. Lakini mtaani neno hili limeshahama. Anayelipiza kisasi ana hasira na ana mtu anayemwinda, ilhali katika Jehanamu ya Dante aliyekosewa kwa kawaida hayupo. Mkosaji amebaki na tendo lake tu.

Sidhani kwamba msomaji wa Buguruni, Dar es Salaam, anahitaji kufundishwa wazo hili. Jina lake la Kiitaliano ndilo geni. Mwezi wa Rajabu ukiingia, misikitini, Buguruni kama kwingineko pwani, husimuliwa Miraji, safari ya Mtume kupanda mbinguni, na humo mna watu aliowaona wakiadhibiwa. Wasengenyaji wana kucha za shaba na wanajiparura nyuso na vifua. Wala riba matumbo yamewavimba kama nyumba, na nyoka wanaonekana ndani. Wahubiri walioamrisha mema wasiyoyatenda wanakatwa midomo kwa mikasi ya moto. Anayesikiliza haulizi kwa nini msengenyaji amepewa kucha: aliwaparua watu heshima zao, sasa anajiparua mwenyewe. Wanazuoni wana kanuni ya Kiarabu juu ya jambo hilo, nayo husema kwamba malipo hutokana na jinsi ya tendo. Sijaona tafsiri fupi zaidi ya kontrapaso katika lugha yoyote.

Mfanano huu umeshawashughulisha wataalamu. Mwaka 1919 padri Mhispania Miguel Asín Palacios alidai kwamba Dante alichota katika masimulizi ya Miraji. Mwaka 1949 Enrico Cerulli, Mwitaliano aliyebobea pia katika lugha za Ethiopia na Somalia, alichapisha Kitabu cha Ngazi, yaani simulizi ya Miraji iliyotiwa katika Kilatini na Kifaransa mwaka 1264 katika baraza la Mfalme Alfonso wa Kumi wa Castile. Dante alizaliwa mwaka uliofuata. Kama alikisoma au la, bado wanabishana. Ila jambo moja halifai kufichwa. Wimbo huohuo wa 28, unaotupa neno kontrapaso, ndimo Dante alimomweka Mtume Muhammad na Ali miongoni mwa wanaoadhibiwa. Msomaji Mwislamu ataumia, na ana haki ya kuumia. Mfasiri anayeuruka wimbo huo anamdanganya, na mwalimu anayeufundisha bila kumwandaa anamkosea adabu.

Ndiyo maana nataka istilahi inayoweza kusimama bila kumtegemea Dante. Napendekeza malipo shabihi. Shabihi hubeba ule ufanano wa sura ambao kisasi hakina. Wapo watakaopenda adhabu shabihi, lakini adhabu haitoshi. Katika sehemu ya pili ya shairi, Toharani kama Wakatoliki wetu wanavyopaita, wenye kiburi wanainamishwa na mawe mazito na wenye husuda wameshonwa kope kwa waya, na wote hao wanatakaswa ili watoke. Tendo la kosa lina sura yake pale pale, ila mwisho wake ni msamaha. Shaaban Robert anatupa mfano wa namna hiyo katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952. Hasidi na Mwivu, ambao majina yao tayari ni dhambi zao, walimtupa ndugu yao baharini. Kwa kumkana ndugu walipoteza utu, wakageuzwa manyani, na Adili akalazimishwa kuwapiga kila usiku. Mwishowe walirudishiwa umbo la binadamu. Kuwaita hao watu waliolipiziwa kisasi ni kuiharibu hadithi, maana mwenye kuwapiga aliwahurumia.

Kuna pingamizi moja lenye nguvu, nalo limeandikwa kwenye kanga: malipo duniani, ahera hesabu. Kwa usemi huo, malipo ni ya hapa hapa mtaani, na ahera ina shughuli nyingine. Je, malipo shabihi yanafaa kuitwa hivyo yakiwa kuzimu? Nadhani Dante angekubaliana na kanga hiyo. Katika wimbo wa 33 anakutana na Alberigo, mtawa aliyewaalika jamaa zake chakula kisha akawaua mezani. Safari ya shairi imewekwa mwaka 1300, na Alberigo wakati huo alikuwa bado hai. Anaeleza mwenyewe kwamba msaliti wa aina yake roho huanguka katika barafu ya Jehanamu papo hapo anapotenda, na mwili ulioachwa duniani huendelea kuishi, ukiendeshwa na shetani. Majirani zake bado wanamsalimia.