Coltan iliposhuka bei: ni nani aliuza, ni nani alinunua?

Wakaaji wa Masisi na Walikale waliokuwa watu wazima mwaka 2000 hawajasahau. Vijana waliacha masomo, wakulima waliacha mihogo na maharagi, wote wakapanda vilima kutafuta coltan. Bei ilipanda karibu kila wiki.

Sababu ilikuwa mbali. Coltan inatoa tantali, na tantali inatengenezea vijisehemu vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu na ordinateri. Viwanda viliogopa kukosa, vikaagiza kuliko mahitaji yao. Ratili moja, karibu nusu kilo, iliyouzwa chini ya dola 50 mwanzoni mwa 2000, ilipita dola 300 mwishoni mwa mwaka. Mwezi wa kumi na moja, RCD iliyotawala Goma ikaipa kampuni moja tu, SOMIGL, haki ya kuuza coltan inje.

Kiisha soko la simu likaanguka. Maghala yalikuwa yamejaa. Kufika mwisho wa 2001, bei ilikuwa karibu imerudi pale ilipotoka. Mchuuzi aliyekopa makuta ili anunue wakati bei iko juu alibaki na mifuko na deni.

Huko ng'ambo pia walilia. AVX na Vishay, watengenezaji wa vijisehemu hivyo, walikuwa wametia sahihi mikataba ya miaka na kampuni Cabot kwa bei ya juu, na walilazimika kuendelea kulipa. Mwenzao KEMET wa Marekani aliumia zaidi katika mgogoro wa 2008: hisa yake, yaani sehemu ndogo ya umiliki wa kampuni, ilishuka chini ya dola 1, na soko la New York likaiondoa.

Hapo wengi walikimbia. Wachache walijiuliza: je, dunia itaacha kutumia simu? Mwaka 2009 KEMET ilipata mkopo kwa Platinum Equity, ikapona polepole. Mwaka 2010 hisa 3 zilifanywa kuwa 1. Baadaye kampuni ilikuja mpaka Kisengo, Katanga, kutafuta coltan yenyewe. Mwaka 2019, soko liliposhuka tena, Yageo ya Taiwan ilikubali kuinunua kwa dola 27.20 kila hisa, jumla karibu miliari 1.8. Aliyenunua hisa 3 chini ya dola 3 mwaka 2008 na kuvumilia alipata zaidi ya mara tisa.

Lakini tusidanganyane. Nortel ya Kanada pia ilikuwa kubwa mwaka 2000, hisa yake ikipita dola 100 za kwao. Iliposhuka, watu walinunua wakisema ni rahisi. Ikashuka tena, wakanunua tena. Mwezi wa kwanza 2009 ikafilisika, wakapoteza yote. Kitu kuwa cha bei ya chini hakionyeshi kwamba kina thamani. Angalia deni lake kwanza, na kama kazi yake bado inahitajika.

Jambo hilo limefika kwetu. Mwezi wa tatu 2025, vita ilipokaribia, Alphamin ilisimamisha mgodi wake wa bati wa Bisie, Walikale. Mwezi wa ine ikaanza kurudi kazini. Mwezi wa sita, IRH ya Abu Dhabi ikatangaza kununua asilimia 56 ya Alphamin kwa dola milioni 367 hivi. Wakati wengine wanaona hatari, mwenye akiba aliona nafasi.

Na mchimbaji wetu? Yeye anauza jioni ile ile, hata bei ikiwa mbaya, kwa sababu watoto hawajakula. Aliyeko Abu Dhabi anaweza kungoja miaka mitano. Aliye shimoni hawezi kungoja juma moja. Tofauti haiko katika akili. Iko katika akiba. Ndiyo maana AVEC ndogo za vijijini, ambako watu wanaweka franka kidogo kila juma, si mchezo wa wamama, kama wengine wanavyosema. Ni mwanzo wa kuweza kungoja.

Bei itapanda tena, na itashuka tena. Tulichimba mara nyingi. Tujifunze sasa kutokopa wakati iko juu, na kutobaki mikono mitupu siku inapoanguka.