Data, Taarifa na Maarifa katika Utafiti wa Denis Burkitt

Katika maandishi mengi ya taaluma ya habari, data, taarifa na maarifa hupangwa kama vidato vya ngazi moja, na mpangilio huo, uliozidi kujulikana baada ya makala ya Russell Ackoff ya mwaka 1989, humfanya msomaji aamini kwamba anayekusanya data za kutosha hatimaye atafika juu. Data ni alama, vipimo au maelezo yaliyorekodiwa. Taarifa ni data zilizopangwa ili zijibu swali fulani. Maarifa ni uelewa wa sababu, uliothibitishwa, unaomwezesha mtu kutabiri jambo ambalo bado hajaliona. Fasili hizi zinafaa, ila ngazi yenyewe inapotosha, kama inavyodhihirika katika historia ya saratani moja iliyotafitiwa Uganda.

Kumbukumbu za Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na daktari mmishenari Albert Cook mwaka 1897, zilikuwa na habari za watoto wenye uvimbe wa taya miongo kadhaa kabla ugonjwa huo haujapata jina, kwa hiyo data hazikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuziona kuwa ni za jambo moja, kwa sababu saratani ziliainishwa kwa kufuata kiungo kilichoathirika, hivi kwamba uvimbe wa taya ulihesabiwa mbali na ule wa figo au wa ovari hata pale ulipompata mtoto yuleyule. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, alimwona mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto, kisha akamwona mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Ndipo aliporudi kwenye majalada akiwa na swali jipya, na makala yake ya mwaka 1958 ikaanza kuvikusanya vivimbe hivyo pamoja. Maarifa, yawe sahihi au yenye kasoro, hutangulia data na kuamua kitakachoandikwa na safu kitakamoandikwa. Wanaojaza madaftari wakitumaini maana itajitokeza yenyewe hawalitilii jambo hili uzito unaostahili.

Baadaye Burkitt alisambaza vipeperushi vyenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, na mwaka 1961, pamoja na madaktari Edward Williams na Clifford Nelson, akasafiri kwa gari takriban maili 10,000 kutoka Kampala hadi Afrika Kusini. Majibu yalipowekwa kwenye ramani yalionyesha ukanda wenye mipaka: karibu na ikweta ugonjwa haukuonekana juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na kadiri mtu alivyokwenda kusini ukomo huo ulishuka, jambo lililoelekeza fikra kwenye joto na mvua badala ya mwinuko wenyewe. Ramani hiyo ni taarifa kwa maana kamili, kwani ilijibu swali la wapi bila kugusa swali la kwa nini.

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa, kwamba mbu walieneza virusi vinavyosababisha saratani hiyo, yalilingana na ramani lakini hayakuwa sahihi. Virusi vilivyogunduliwa London mwaka 1964 na Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, katika chembehai zilizotoka Uganda, huenezwa zaidi kwa mate na hupatikana kwa watu wazima wengi mno duniani ambao hawaugui kamwe saratani hii. Mbu alikuwemo kweli katika kisa, ila kwa njia nyingine: malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mtoto dhidi ya virusi hivyo, na mwaka 1969 Burkitt mwenyewe aliitetea dhana ya malaria badala ya ile ya awali. Ramani ya 1961 haikuhitaji kuchorwa upya kwa ajili hiyo. Taarifa iliyo sahihi kabisa inaweza kubeba maelezo mawili yanayopingana, na kuongeza nukta zaidi za aina ileile juu ya ramani kusingeamua lipi ni la kweli. Uamuzi ulipatikana kwa kuuliza juu ya kinga, jambo ambalo hakuna safu ya daftari la Mengo wala Mulago iliyotengwa kuliandika.