Alama katika Picha za Romare Bearden

Labda, msomaji, umezoea kudhani kwamba historia hukaa vitabuni tu. Lakini watu ambao habari zao hazikuandikwa, au ziliandikwa na wasiowapenda, huiweka historia yao mahali pengine. Romare Bearden, Mmarekani Mweusi, aliiweka ya watu wake katika vipande vya karatasi.

Alizaliwa mwaka 1911 katika mji wa Charlotte, kusini mwa Marekani. Angali mtoto mdogo, wazazi wake walihamia New York. Hawakuwa peke yao. Tangu miaka ya 1910 hata kufikia 1970, Wamarekani Weusi wapatao milioni 6 waliihama Kusini, wakikimbia ubaguzi, ufukara na kuuawa bila hukumu. Wengi wao walisafiri kwa gari la moshi.

Mwaka 1963 wasanii Weusi walikutana New York kushauriana: sanaa yaweza kufanya nini katika kupigania haki? Bearden alikuwa miongoni mwao. Wakati huo alianza kukata picha za magazeti na kuzibandika pamoja hata zikawa picha mpya.

Ukizitazama picha zake utaona vitu vilevile vikirudi: gari la moshi, gitaa, ndege, mwezi, mwanamke mganga, na nyuso zilizoungwa kwa vipande vya vinyago vya Kiafrika. Usidhani kwamba alipungukiwa na mambo mapya. Kitu kirudiwacho na msanii hodari kina neno la kusema.

Litazame gari la moshi. Jina la picha yake moja ya mwaka 1964 lataja watu wanaotazama magari mema yakipita. Kwa aondokaye, gari ni tumaini. Kwa abakiye, ni kuagana. Tena reli hupita karibu na kibanda cha maskini, na gari lisimame lisisimame, mwenye kibanda hana amri juu yake. Alama ni moja, maana zake ni tatu.

Gitaa ni nyimbo za huzuni na faraja, mzigo usiohitaji sanduku. Mganga ni elimu ya kale ambayo utumwa haukuweza kuifuta. Kinyago ni asili, na wahenga wametuonya kuwa mwacha asili ni mtumwa.

Hata kubandika kwenyewe ni alama. Utumwa uliwavunja watu hawa vipande vipande, ukatenga mama na mwana, ukapoteza lugha na majina. Kilichokatwa hakirudi kuwa kama kilivyokuwa. Lakini mkono wenye busara waweza kukiunga kikawa kitu kizima kingine. Bearden alifanya kazi hiyo hata alipofariki mwaka 1988.

Basi, msomaji, uonapo alama ikirudi katika picha, usiipite upesi. Uliza ni nani aliyepoteza nini, na ni nini alichokataa kukisahau. Hapo utakuwa umeanza kusoma historia.