Wanasesere wa Kale katika Michoro ya Rangi za Maji: Ushahidi na Ukimya katika Index of American Design, 1935–1942

Mwaka 1935, Marekani ikiwa katika Mdororo Mkuu wa Uchumi, serikali ya shirikisho ilianzisha mradi wa Index of American Design ili kuwaajiri wasanii waliokosa kazi na kuweka kumbukumbu ya sanaa za jadi. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1942, michoro takribani 18,000 ilikuwa imekamilika. Sasa imehifadhiwa katika National Gallery of Art, Washington. Miongoni mwa vitu vilivyochorwa ni wanasesere wa matambara na wa mbao.

Rangi za maji zilipendelewa kwa sababu picha za rangi za kamera hazikuaminika wakati huo. Mchoraji alitakiwa kuonyesha mshono, kitambaa kilichochakaa na rangi iliyopauka, bila kuremba. Kwa hiyo, mchoro ni ushahidi wa hali ya mwanasesere katika miaka ya 1930, si ya siku aliyoshonwa.

Hata hivyo, uaminifu huo una mipaka. Jina la mchoraji liliandikwa, ilhali la aliyemshona mwanasesere mara nyingi halikujulikana. Aidha, sanaa za Wenyeji wa asili wa Marekani, wakiwemo wanasesere wao, ziliachwa nje ya mradi, kwa hoja kwamba wanaanthropolojia walikwisha kuzishughulikia. Hivyo, taswira ya taifa iliyojengwa na michoro hii ilikuwa pungufu tangu mwanzo. Mwanahistoria anayeitumia hifadhi hiyo hana budi kuhoji kilichochorwa pamoja na uamuzi wa kutochora.