Mafunzo ya Kliniki kwa Wanafunzi wa Famasia Tanzania

Mafunzo ya kliniki ni sehemu ya masomo ya famasia ambayo mwanafunzi huifanya mbele ya wagonjwa wenyewe, chini ya mfamasia aliyesajiliwa: wodini, kwenye dirisha la dawa, katika kliniki za wagonjwa wa nje na katika stoo ya hospitali. Tanzania Bara taaluma hii inasimamiwa na Baraza la Famasi kwa mujibu wa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Mwanafunzi wa shahada husoma miaka 4, na katikati ya masomo hutoka kwenda fildi. Akihitimu hufanya utarajali wa mwaka 1, ndipo asajiliwe kuwa mfamasia kamili. Wanaosoma stashahada ya miaka 3 nao huenda fildi, ingawa kazi yao huelemea zaidi utoaji wa dawa na utunzaji wa stoo. Kwa jirani zetu Kenya shahada yenyewe ni ya miaka 5, na utarajali wa mwaka 1 hufuata.

Chimbuko

Shahada ya famasia ilianza kufundishwa Dar es Salaam mwaka 1974, ndani ya Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Idara iliyoifundisha ndiyo leo Skuli ya Famasia ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Baadaye vyuo vingine vilijiunga, vikiwemo Chuo Kikuu cha St. John's cha Dodoma na chuo kikuu cha afya kilichopo Bugando, Mwanza. Kama ilivyokuwa kwingineko duniani wakati ule, mfamasia alifundishwa kuijua dawa kuliko kumjua anayeimeza: kemia yake, namna ya kuitengeneza, namna ya kupima ubora wake.

Mageuzi yalianzia mbali. Mwaka 1966, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California huko San Francisco, wafamasia walipewa kituo chao ghorofa ya tisa, karibu na wagonjwa, wakaanza kushiriki maamuzi ya tiba saa zote. Mwaka 1990 Charles Hepler na Linda Strand waliandika makala iliyokuja kusomwa karibu kila mahali famasia inapofundishwa. Hoja yao ni kwamba kazi ya mfamasia haiishii pale dawa inapotoka mkononi mwake. Anawajibika kwa kile ambacho dawa hiyo inamfanyia mgonjwa. Tangu hapo vyuo vingi vimekuwa vikiwatoa wanafunzi maabara na kuwapeleka kwenye raundi za madaktari wodini.

Wodini

Asubuhi, kabla ya raundi kuanza, mwanafunzi huchukua faili la mgonjwa na kuandika anachokiona: umri, uzito, ugonjwa uliobainika, vipimo vya figo na ini, na dawa zote zinazotumika, zikiwemo za mitishamba alizokuja nazo kutoka nyumbani. Kisha hulinganisha alichokuta na mwongozo wa taifa wa matibabu, na hujiuliza kuhusu kila dawa: ipo kwa sababu gani, dozi yake inalingana na uzito na figo za mtu huyu, inagongana na nyingine, na je, mgonjwa anaimeza kweli?

Chukua mgonjwa anayeishi na VVU, ambaye kila siku humeza kidonge kimoja chenye tenofovia, lamivudini na dolutegraviri, kisha akagundulika ana kifua kikuu. Miongoni mwa dawa za kifua kikuu imo rifampisini, nayo hulichochea ini liivunje dolutegraviri haraka kuliko kawaida. Kiwango cha dolutegraviri kwenye damu hushuka, na virusi hupata mwanya. Dawa za VVU hazisimamishwi. Mgonjwa huongezewa dolutegraviri ya miligramu 50, aimeze saa 12 baada ya kile kidonge cha kwanza, na huendelea hivyo hadi wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini. Jambo hili mwanafunzi amelisoma darasani na pengine amelijibia mtihani. Wodini analikuta limefichika: kadi ya kliniki ya tiba na matunzo ya VVU iko kwenye mkoba wa mgonjwa, kadi ya kifua kikuu iko kwenye faili, na inaweza kupita siku kadhaa bila mtu kuziweka pamoja. Kuziweka pamoja ndiyo kazi anayofundishwa.

Dirisha la dawa linafundisha la kwake. Kwenye bahasha ya vidonge mtoa dawa huandika 1 x 3, alama ambayo kila aliyesomea afya anaielewa, lakini mgonjwa anaweza kuisoma kuwa ameze vitatu kwa mara moja. Mwanafunzi huzoezwa kuisema kwa kinywa: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Kisha humwomba mama au mzee aliye mbele yake arudie mwenyewe. Kwa dawa ya maji ya mtoto huonyesha kipimo kwa kijiko au bomba la sindano, maana kijiko cha chai hubeba mililita 5 na cha chakula hubeba kama mililita 15, na mtoto anayepewa cha pili badala ya cha kwanza amepata dozi mara 3. Foleni ikiwa ndefu maelezo haya ndiyo ya kwanza kukatwa, na hapo ndipo msimamizi mzuri hujulikana: hakubali yakatwe.

Mahali pengine pa kujifunzia ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mofini ya maji, dawa ya kupunguza maumivu makali ya saratani, huandaliwa hapo kutokana na unga. Unga hupimwa kwa mizani na kuyeyushwa kwenye maji, na kwa kuwa mofini ni dawa ya kulevya, hesabu ya kila kilichotoka lazima iandikwe. Maarifa ya zamani ya kuchanganya dawa yanakutana na mgonjwa papo hapo: anayepewa mofini kwa siku nyingi hufunga choo, kwa hiyo apewe na dawa ya kulainisha choo, na mfamasia ndiye anayepaswa kuuliza kama imeandikwa.

Usimamizi

Udhaifu mkubwa wa mafunzo haya hauko kwenye wodi wala kwenye wagonjwa, kwa maana hivyo vipo. Uko kwenye wasimamizi. Katika hospitali nyingi mfamasia yuleyule anaendesha stoo, anaagiza dawa Bohari ya Dawa (MSD), anahudhuria Kamati ya Dawa na Tiba na kujibu maswali ya wakaguzi. Akiletewa wanafunzi, rahisi kwake ni kuwapa kazi ya kuhesabu vidonge na kujaza leja. Kazi hiyo ni halali na ina faida yake, kwa sababu asiyejua leja hawezi kuzuia dawa kuisha. Lakini mwanafunzi aliyemaliza fildi nzima bila kusimama kitandani kwa mgonjwa amenyimwa alichokifuata. Anayepangiwa kituo ana haki ya kuomba raundi, na afanye hivyo mapema, kwa adabu, wiki ya kwanza.

Nafasi za kazi

Mwajiri anayejulikana zaidi ni serikali. Nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma au na wizara, na kwa kawaida waombaji ni wengi kuliko nafasi. Anayepata huweza kupangiwa hospitali au ofisi ya halmashauri, ambako mfamasia wa wilaya husimamia ugavi wa dawa hadi kwenye zahanati. Dawa zinazokosekana MSD hununuliwa kwa mfumo wa mshitiri (msambazaji binafsi mwenye mkataba), uliojulikana kwa jina la Jazia na kuanzia Dodoma mwaka 2014. MSD yenyewe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, huajiri wafamasia, vivyo hivyo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Hii ya mwisho, ikiwa bado inaitwa TFDA, mwaka 2018 ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia daraja la 3 la ukomavu katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani, na kwa anayependa tathmini ya dawa na ufuatiliaji wa madhara yake hakuna shule nzuri zaidi nchini.

Famasi za mitaani zinahitaji kisheria mfamasia msimamizi. Hapo pana doa: wapo wanaokodisha cheti chao, jina likatundikwa ukutani na mwenyewe haonekani. Ni kosa, linahatarisha watu, na mhitimu anayeanza kazi kwa njia hiyo anauza usajili alioupigania miaka 5. Maduka ya Dawa Muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, huendeshwa na watoa dawa waliopewa mafunzo mafupi, na mfamasia huingia humo kama mkufunzi na mkaguzi.

Viwanda ni vichache, lakini vinahitaji watu wanaojua uzalishaji na udhibiti wa ubora. Huko Moshi, Skuli ya Famasia ya Kilimanjaro imetoa mafunzo ya juu ya famasia ya viwandani kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, na wamesoma humo wafamasia kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Milango ya bara zima nayo inafunguka: mkataba wa Wakala wa Dawa wa Afrika ulianza kutumika mwaka 2021, na makao yake yamewekwa Kigali.

Kwa aliyevutiwa na wodi, njia iko MUHAS, kwenye shahada ya uzamili ya famasia ya hospitali na kliniki. Wahitimu wake ndio wanaohitajika hospitali za kanda na za taifa: kufuatilia warfarini kwa waliowekewa vali za moyo, kukagua matumizi ya viuavijasumu ili usugu usienee, kuandaa dawa za saratani kwa dozi ya kila mgonjwa. Na wao ndio wenye sifa ya kupokea wanafunzi wa fildi na kuwapeleka kwenye raundi.