Ganda Likikwama Umekwisha: Kisa cha Bastola Iliyopiga Risasi 6,000 Bila Kugoma

Kwenye muvi steringi anapiga risasi hamsini bila kubadilisha magazini na bastola haigomi hata siku moja. Kwenye maisha halisi mambo ni tofauti kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kulikuwa na wanajeshi walioziogopa bastola zinazojipakia zenyewe kuliko walivyomwogopa adui, na chanzo chote ni kitu kidogo kama kidole cha mtoto: ganda tupu la risasi.

Iko hivi. Rivolva, ile bastola yenye tumbo linalozunguka, haina shida ya ganda. Ukifyatua, ganda linabaki humo humo tumboni. Risasi moja ikigoma, unavuta tena, tumbo linazunguka, unapata nyingine. Mchezo umeisha. Lakini bastola inayojipakia inabidi ifanye kazi nne kwa kufumba na kufumbua: irudi nyuma, ivute ganda la moto kutoka kwenye mtutu, ilitupe nje, halafu isukume risasi mpya ndani. Ganda likichelewa kidogo tu kutoka, lile bapa la juu linarudi mbele na kulibana pale pale dirishani, limesimama wima kama bomba la moshi. Hapo bastola imegeuka kipande cha chuma. Ili kulitoa unahitaji mikono miwili.

Na hapo ndipo utamu wa kisa chenyewe ulipo. Watu waliotakiwa kuipokea bastola mpya jeshini Marekani walikuwa ni wapanda farasi. Mpanda farasi vitani mkono wa kushoto uko kwenye hatamu, wa kulia una silaha. Ganda likimkwamia farasi akiwa mbioni, atalitoa na mkono gani? Aachie hatamu? Ndiyo maana wazee wa farasi waling'ang'ania rivolva zao, na ukweli ni kwamba hawakuwa washamba hata kidogo. Walikuwa wanapiga hesabu ya maisha yao.

Shida ni kwamba rivolva yenyewe nayo ilikuwa imewaaibisha. Kule Ufilipino, kwenye vita na Wamoro wa visiwa vya kusini, askari walilalamika kwamba risasi ya .38 inampata mtu na bado anakuja tu. Mwaka 1904 maofisa wawili, mmoja wao daktari, wakafanya majaribio kwa kuwapiga risasi ng'ombe wa machinjioni na maiti za watu (ndiyo, maiti, enzi hizo zilikuwa noma). Wakatoka na jibu kwamba bastola ya jeshi isipungue .45, yaani karibu milimita 11 na nusu.

Basi mwaka 1907 jeshi likaita makampuni yalete bastola zao. Zikaja za kutoka Ulaya, zikaja za nyumbani, nyingine zikakataliwa mapema. Mwisho wakabaki wawili: Colt na Savage.

Nyuma ya Colt alikuwepo fundi mmoja mrefu kutoka mji wa Ogden, Utah. Wanaomjua jina watalimwaga wenyewe kule chini kwenye maoni. Baba yake alikuwa fundi bunduki mwenye watoto 22, na huyu kijana alijifunzia kazi kwenye karakana ya mzee, akaunda bunduki yake ya kwanza kwa vyuma chakavu akiwa bado mtoto. Hakuwa na digrii ya uinjinia. Hadi anafariki alikuwa na hataza 128 za silaha.

Dawa yake ya tatizo la ganda ilikuwa vitu viwili tu. Cha kwanza ni ndoano, chuma kimoja kirefu chembamba kilicholala ndani ya bapa la juu, upande wa kulia. Kinajikunja chenyewe kama springi na kuling'ata ganda kwenye ukingo wake. Cha pili ni kijiti cha chuma kilichokazwa kwenye mwili wa bastola upande wa kushoto, ambacho hakiendi popote. Bapa likirudi nyuma na ganda mdomoni, ganda linajigonga kwenye kile kijiti na kuruka nje upande wa kulia. Rahisi hivyo. Ila ndoano ikilegea, ganda linadondoka kabla ya kufika kwenye kijiti. Ikikaza sana, risasi mpya inashindwa kupanda. Kati ya kulegea na kukaza ndipo fundi anapojulikana.

Haikuwa kazi ya siku moja. Askari walizitumia bastola zote mbili, wakazirudisha na malalamiko yao, mafundi wakachonga upya, wakarudi tena. Hata majaribio ya 1910 yalionyesha kasoro kwa wote wawili.

Machi 1911 ikaja fainali. Kila bastola ipige risasi 6,000. Wanapiga 100, wanaiacha ipoe dakika tano, wanapiga tena. Kila ikifika 1,000 inasafishwa na kupakwa mafuta. Ikichemka sana inatumbukizwa kwenye maji. Baada ya hapo wakaileta dhuluma yenyewe: risasi zilizobonyea, nyingine zimezama kwenye ganda kupita kiasi, bastola ikalazwa kwenye mchanga na tope, ikatiwa asidi mpaka ishike kutu, kisha ikafyatuliwa hivyo hivyo.

Yule fundi wa Ogden alikuwepo pale akiangalia kwa macho yake. Fikiria presha hiyo! Kila mlio ni ganda moja la kuruka, na moja tu likisimama dirishani, kazi ya miaka inaingia doa mbele ya maofisa.

Savage ikagoma au kuvunjika kitu mara 37. Colt, sifuri.

Tarehe 29 Machi 1911 jeshi la Marekani likaipokea rasmi, na ikakaa kiunoni mwa askari hadi 1985. Ilikuwa imewekewa kizuizi cha nyuma ya mpini, ili isijifyatue ikimponyoka mtu.

Sasa msidhani tatizo lilikufa pale Machi 1911. Ile ndoano ilikuwa na ugonjwa wake. Watu wengi walikuwa na tabia ya kudondosha risasi moja moja kwa mkono ndani ya mtutu na kuliachia bapa lijifunge. Ndoano haikutengenezwa kuruka ukingo wa risasi kutokea nyuma. Inatakiwa risasi ipande kutoka chini kwenye magazini na kuteleza chini ya ndoano. Ukiilazimisha, inapoteza ukakamavu, mwisho inavunjika, na maganda yanaanza kusimama kama mabomba ya moshi. Wengine walilaumu bastola wakati kosa ni kifundo cha mkono: ukiishika kilegevu, mwili wa bastola unarudi pamoja na bapa, bapa linakosa nguvu ya kufika nyuma kabisa na ganda halitupwi. Wengine ni risasi zenye baruti dhaifu. Wengine ni uchafu tu.

Halafu wakaja wapiga shabaha wa mashindano, ambao huokota maganda na kuyajaza upya. Dirisha la bastola hii lilikuwa dogo, ganda likitoka linagonga ukingo na kubonyea. Jeshi halikujali, nani anaokota maganda vitani? Wao walijali, ni hela yao. Mafundi wa mitaani wakaanza kulichonga dirisha lishuke chini zaidi, na leo matoleo mengi mapya yanatoka kiwandani yakiwa tayari hivyo. Waitaliano walioirithi nafasi ile mwaka 1985 walikata mzizi wa fitina: bastola yao, Beretta, karibu sehemu yote ya juu iko wazi, ganda halina pa kujigonga.

Yule fundi hakuyaona hayo. Alifariki Novemba 1926 kule Liège, Ubelgiji, akiwa kazini kwenye kiwanda cha silaha.